Kalamu ya leza ya kijani ikififia haijawa salama

Ndugu Mhariri,

Kwenye safu yenu ya ushauri wa nyumbani mzazi mmoja aliuliza kama anaweza kumwachia mwanawe kalamu ya leza ya kijani, ile ya kuelekezea ubaoni. Mwandishi wenu akamjibu kwamba ikiwa inawaka sana aifiche, ila ikishafifia nguvu imekwisha, mtoto achezee tu. Nusu ya kwanza ya jibu sina ugomvi nayo. Nusu ya pili ni ya hatari, na naomba muisahihishe kabla shule hazijafunga, kwa sababu likizo ndipo vitu hivi vinapojaa mikononi mwa watoto.

Mimi ni fundi wa spika, amplifaya na taa za sherehe hapa Arua. Kabla ya kufungua kibanda nilikuwa mtunza maabara ya fizikia katika sekondari moja ya huku West Nile, kwa hiyo leza nimezijua kwa vitabu na kwa bisibisi pia. Kalamu zinakuja na mizigo ya Kampala, nyingine zimeshazunguka soko la Ariwara upande wa Kongo zikarudi. Wanaoniletea ni mwalimu, MC wa harusi, kijana wa kibanda cha video, na kila Ramadhani ikielekea mwisho, vijana wanaotaka kuonyeshana mahali mwezi unapotafutwa kwa ule mstari wa kijani unaofika mbinguni. Ombi lao karibu wote ni moja: "Mzee, hii imelala. Izidishie kidogo."

Kuizidishia ni rahisi. Nyuma ya kile kibao kidogo cha umeme kuna skrubu ya kurekebisha mkondo. Ukiigeuza, kijani kinarudi. Wapo wenzangu wanaoigeuza kwa elfu mbili na mteja anaondoka akicheka. Mimi nakataa, na watu wanadhani ni ukaidi wa uzeeni. Acha nieleze.

Kalamu nyekundu haina siri. Mna betri, dayodi inayotoa mwanga mwekundu, na lenzi mbele. Betri ikichoka wekundu unachoka, basi. Watu wanadhani ya kijani ni hiyohiyo iliyobadilishwa rangi. Sivyo. Katika kalamu nyingi za kijani zinazouzwa mitaani, dayodi iliyomo haitoi kijani hata chembe. Inatoa infraredi ya nanomita 808 (nanomita ndiyo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), mwanga ambao jicho la binadamu kwa kazi yake ya kawaida halina habari nao. Kijani kinatengenezwa njiani, na kinatengenezwa kutokana na mwanga usioonekana wenye nguvu kukizidi chenyewe.

Ukifungua kalamu kama hiyo mezani, baada ya kutoa lenzi na ile springi yake, unakuta kipande cha shaba ya njano kimeshika kitu cha milimita mbili au tatu kinachong'aa kama kioo. Kitazame vizuri chini ya taa utaona ni vipande viwili vilivyogundishwa. Cha nyuma kina urangi wa zambarau hafifu sana: hicho ni fuwele ya vanadeti ya yitriamu iliyotiwa neodimiamu, na zambarau ni ya neodimiamu. Cha mbele ni cheupe kabisa. Hicho ni fuwele ya potasiamu, titaniamu, oksijeni na fosforasi ambayo mafundi wa leza duniani kote huiita KTP. Fuwele ya kwanza inameza ile infraredi ya 808 na kutoa infraredi nyingine, ya nanomita 1064. Nyuso za nje za vipande hivyo zimepakwa tabaka za kioo cha kurudisha mwanga, kwa hiyo hiyo 1064 inafungiwa humo, inakwenda na kurudi, inajijenga. Na kila inapopita kwenye KTP sehemu yake ndogo inageuka kijani cha nanomita 532. Gawanya 1064 kwa mbili uone.

Kuhusu jinsi fuwele inavyofanya hivyo, nitumie kitu ambacho mafundi wa spika tunakijua. Piga sauti ya mtetemo mia moja kwa sekunde kwenye spika, kwa nguvu ndogo. Koni inatii, inatoka na kurudi sawasawa, unasikia mia moja ileile. Sasa zidisha amplifaya mpaka koni ishindwe kufuata, hasa ikiwa ni spika iliyochoka, ambayo koni inatoka nje kirahisi kuliko inavyorudi ndani. Utasikia sauti ya mia mbili imejitokeza juu ya ile ya mia, na hukuitia wewe. Spika imeizaa kwa sababu haivutwi sawa pande zote mbili. Kwenye fuwele kinachotikiswa ni elektroni, na kinachozitikisa ni mwanga wenyewe, kwa mitetemo kama trilioni 282 kwa sekunde. Ikiwa atomu za fuwele zimepangwa kwa namna ambayo upande mmoja si kioo cha upande wa pili, elektroni hazitoki na kurudi sawasawa, na nje unatoka pia mwanga wa trilioni 564. Huo ndio kijani. Ukiwa na mpangilio unaofanana pande zote, hupati kitu. Ndiyo maana kioo cha dirisha hakifai kazi hii, wala chumvi ya mezani. Lakini fuwele za sukari, hii tunayotia kwenye chai, zinaweza kuizaa rangi maradufu, ingawa kwa uchache mno.

Na kama kwenye spika, lazima usukume kwa nguvu. Jua halina nguvu ya kutosha. Hakuna aliyeona jambo hili mpaka leza ya kwanza, ile ya rubi aliyoiwasha Theodore Maiman kule Malibu, Marekani, Mei 1960. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha leza ya rubi, nyekundu ya nanomita 694, kwenye kipande cha fuwele ya kwatzi. Kwenye bamba la picha walipata nukta ndogo mahali pa nanomita 347, rangi ya urujuani isiyoonekana kwa macho. Ilikuwa hafifu kiasi kwamba, Mhariri, inasimuliwa hivi: makala yao ilipokwenda kuchapwa mwaka 1961, wahariri wa jarida waliiona ile nukta wakadhani ni vumbi, wakaifuta. Makala ikatoka na mshale unaoelekeza mahali patupu. Sisemi neno juu ya kazi ya uhariri.

Nukta ilikuwa hafifu kwa sababu moja ambayo ndiyo msingi wa barua yangu yote. Ndani ya fuwele rangi mbili hazitembei kwa kasi moja. Kijani kilichozaliwa mwanzoni mwa fuwele na kile kilichozaliwa mbele kidogo hupishana hatua, na badala ya kujumlishana vinafutana. Mwaka 1962 Joseph Giordmaine wa Bell Labs, na kundi jingine la maabara ya Ford (naam, Ford ya magari), walionyesha namna ya kutoka: mwanga upitishwe kwa pembe maalumu, na mtikisiko wake uelekee upande maalumu, mpaka kasi mbili zilingane. Tangu hapo fuwele za kazi hii hukatwa kwa pembe iliyopimwa. KTP yenyewe ilikuja miaka ya 1970 katika kampuni ya DuPont, na miaka ya 1980 Wachina wa Fujian wakagundua nyingine mbili nzuri mno, BBO na LBO, ambazo ziko kwenye leza kubwa za viwandani mpaka leo.

Sasa rudi kwenye kalamu ya mtoto. Pembe ile ni jambo la kupimwa, na fuwele imeshikwa kwa gundi ya bei rahisi. Kalamu ikianguka sakafuni, au ikiachwa juani kwenye dashibodi ya gari gundi ikalainika, fuwele inasogea kidogo sana. Kijani kinafifia, labda kinatoweka. Lakini dayodi haijaguswa! Bado inakunywa mkondo wake wote na kumwaga infraredi yake yote. Kilichoharibika ni kiwanda cha kijani. Malighafi inaendelea kuingia, na isipogeuzwa inatafuta njia ya kutokea mbele.

Hata bila kuanguka, hesabu yenyewe inatudanganya. Kijani hakipungui sawa na mwanga unaokizaa. Ukipunguza ile 1064 nusu, kijani kinabaki kama robo. Ipunguze tena nusu, kijani kinakuwa sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo betri zinapochoka, macho yako yanaona kalamu inayokufa, kumbe kisichoonekana kimeshuka kidogo tu. Na anayegeuza skrubu ili kukirudisha kijani cha kalamu iliyoanguka hatengenezi chochote. Anaongeza infraredi ili kufidia fuwele iliyokaa upande.

Baridi nayo. Fundi mwenzangu wa Kabale aliwahi kunipigia akishangaa kwamba kalamu iliyokuwa kali Kampala inakuwa goigoi kwake alfajiri, halafu ikishikwa mkononi muda inaamka. Ni kawaida. Dayodi ikipoa urefu wa wimbi la mwanga wake unahama, karibu theluthi moja ya nanomita kwa kila digrii, na vanadeti inameza vizuri karibu na 808 tu. Ikihama, mwanga mwingi unapita bila kumezwa. Kwa hiyo alfajiri ya Kabale kalamu inayoonekana goigoi inaweza kuwa inatema infraredi ya dayodi nyingi kuliko inavyotema mchana.

Mtengenezaji mwaminifu anajua haya yote, ndiyo maana mbele ya lenzi huweka kipande chembamba cha kioo cha kuchuja, kinachopitisha kijani na kuizuia infraredi. Ukikitoa ukakiweka juu ya karatasi kina urangi wa maji ya bahari. Kwenye kalamu za bei ya chini kipande hicho mara nyingi hakimo, kwa sababu bila hicho kalamu inawaka vilevile na mnunuzi hajui tofauti. Mbaya zaidi, nimeletewa kalamu ambazo kilikuwemo na mtu amekitoa, akiamini kinabana nguvu. Wataalamu wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2010 walieleza kalamu moja ya bei rahisi waliyoipima: kijani chake kilikuwa hafifu, lakini ilikuwa inatoa miliwati 20 za infraredi katika matumizi ya kawaida.

Miliwati 20 zinasikika kama si kitu. Balbu ya nyumbani ni wati kadhaa. Lakini balbu hutawanya mwanga wake chumba kizima, na leza inauleta wote mahali pamoja, kisha lenzi ya jicho inaukusanya tena kwenye nukta ndogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kalamu inayohesabiwa kuwa salama kwa watu wote haitakiwi kuzidi miliwati 1, na hata hiyo usalama wake umejengwa juu ya jambo moja: kwamba mtu akipigwa na mwanga mkali hupepesa au kugeuza uso ndani ya robo ya sekunde. Infraredi haimfanyi mtu apepese. 808 na 1064 zinapita kwenye mboni na lenzi ya jicho kama zinavyopita kwenye kioo, zinafika retina, na retina haina neva ya maumivu. Mtoto atakaa anaangalia ile nukta dhaifu ya kijani kwa udadisi, kwa sababu haimchomi. Hapo ndipo ushauri wenu unapomfikisha.

Nisieleweke vibaya, mwanga huu si adui. Mama yangu mdogo ana sukari, na mishipa ya nyuma ya jicho lake ilipoanza kuvuja, madaktari wa Kampala walimpiga leza ya kijani. Nilimsindikiza, nikauliza ni ya urefu gani wa wimbi. Yule daktari kijana akanitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake, akasema 532. Damu inameza kijani vizuri, kwa hiyo unachoma mahali unapotaka kwa mapigo mafupi mafupi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na bomba refu la gesi ya agoni lililohitaji umeme mwingi na kupozwa kwa maji. Leo ni fuwele ndani ya sanduku linalokaa mezani. Mama mdogo anasoma Kurani yake. Tofauti ni kwamba pale kuna mtu aliyeipima, anayejua kinachotoka, na mgonjwa amewekewa lenzi maalumu na kidevu kimeegemezwa. Kalamu ya sokoni imebandikwa karatasi inayosema chini ya miliwati 5, na karatasi hiyo imechapwa na aliyetaka kuuza.

Mtauliza mtu wa kawaida ajue vipi. Inawezekana, na kwa vitu vilivyomo nyumbani. Njia hii si yangu, ni ya walewale wa NIST. Mimi nimeizoesha mazingira ya kibanda.

Kwanza jua kama simu yako inaona infraredi. Fungua kamera, elekeza rimoti ya televisheni kwayo, bonyeza. Ukiona kwenye skrini kitaa cheupe chenye zambarau ambacho macho hayakioni, simu inafaa. Kamera ya mbele, ya selfi, mara nyingi ni bora kuliko ya nyuma kwa hili. Kisha tafuta CD ya zamani. Iwe CD, si DVD: mistari ya CD imeachana kwa maikromita 1.6, ya DVD imebanana hadi 0.74, na 808 inakosa nafasi ya kujitokeza. Toboa tundu dogo katikati ya karatasi ngumu nyeupe ya A4, isimamishe. Mbele yake, sentimita 10 hivi, simamisha CD, uso unaong'aa ukiitazama karatasi. Nyuma ya karatasi weka kalamu juu ya vitabu, kitufe kimebanwa kwa kibanio cha nguo, mwanga upite tunduni uiguse CD karibu na ukingo wake. Chumba kiwe giza, watoto wawe nje, na wewe usimame juu ya mstari wa mwanga, usiinamishe macho usawa wake hata mara moja.

CD itarudisha mwanga kwenye karatasi ukiwa umegawanywa kwa rangi. Utaona nukta ya kijani kama sentimita 3.5 kutoka tunduni, na nyingine kama 9, kila upande. Katikati ya hizo mbili, karibu na sentimita 6, macho hayaoni kitu. Sasa ielekeze simu kwenye karatasi, si kwenye kalamu wala CD, utazame mahali hapo patupu kupitia skrini. Ukiona nukta ya zambarau imekaa hapo, hiyo ni 808 inayovuja, na kalamu hiyo haina chujio la maana. Ile 1064 usiitafute peke yake. Kwa kuwa ni maradufu kamili ya kijani, CD inaitupa palepale inapotupa nukta ya pili ya kijani, imejificha chini yake. Jambo hili lilinifurahisha nilipoliona mara ya kwanza kuliko lilivyostahili.

Tahadhari moja: usipoona nukta ya zambarau, hujathibitisha kwamba kalamu ni safi. Huenda kamera yako imechuja. Ukiiona, umethibitisha.

Kwa shule zinazohitaji kalamu ya kuelekezea, nyekundu yenye alama ya daraja la 2, yaani ile isiyozidi miliwati 1, inatosha kabisa. Ndiyo, kijani kinaonekana kikali zaidi, kwa sababu jicho letu linakipenda. Kwa nguvu ileile, 532 inaonekana kama mara nane ya wekundu wa 650. Lakini ubao wa darasa hauko mbali hivyo. Anayetaka kijani lazima, atazame namba iliyoandikwa ubavuni. Tangu mwaka 2009 hivi viwanda vilianza kufaulu kutengeneza dayodi zinazotoa kijani zenyewe, karibu na nanomita 515 hadi 520, bila fuwele ya kugeuza na bila infraredi ya kujificha. Kalamu ya 520 ikififia imefifia kweli. Bado si ya kuchezea, lakini angalau haisemi uongo. Ya 532 ndiyo ya fuwele, ndiyo ya kupimwa kwa CD.

Kwa UNBS, shirika la viwango la Uganda, nina ombi moja tu la fundi. Kalamu zinapopimwa, zisipimwe kwa kipimo kinachoona kijani peke yake, wala kwa kile kinachojumlisha kila kitu bila kubagua. Mwanga utenganishwe kwanza, kijani kipimwe kivyake, 808 kivyake, 1064 kivyake. Vifaa vya kutenganisha si vya ajabu. Maabara yoyote ya fizikia ya chuo inavyo.

Kwa wauzaji wa hapa mjini, wengi ni marafiki zangu na wengine wananidai: acheni kuuza zile kubwa zenye ufunguo nyuma na betri ya kuchaji kwa watoto wanaokuja na hela ya Idd. Mnajua zenyewe zinawasha kiberiti. Na mkiletewa iliyofifia msiipunguze bei mkaiuza kama ya mtoto. Nileteeni. Nitatoa dayodi, fuwele nitaziweka kwenye kopo langu, na bomba la shaba mtarudishiwa.

Na kwenu, Mhariri: sahihisho likitoka, naomba liwe kwenye safu ileile ya ushauri wa nyumbani, kwa herufi za ukubwa uleule, kwa kuwa yule mzazi hasomi ukurasa wa barua.

Wako,
Fundi wa spika na taa za sherehe,
Arua